Mwili unawasha, mstari unatambaa, homa haishuki: kutafuta chanzo kwa panya, paka shume na mbwa koko wa mtaani

Kila mji una wanyama wake wasio na mwenyewe. Mbwa koko hulala juu ya lundo la mchanga wa ujenzi, paka shume huzalia darini, panya hupita mtaroni mpaka jikoni, na kunguru hufika dampo kabla ya gari la taka. Wengi wao wamebeba vimelea: minyoo, viroboto, utitiri, na vijidudu vingine vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Mtu akiugua, mtaani huanza kutafutwa mnyama wa kulaumiwa, auawe au akatupwe mbali. Mimi nadhani hapo ndipo tunapopoteza muda. Karibu magonjwa yote nitakayoyataja hayatoki kwa mnyama yakamwingia mtu moja kwa moja. Hupitia mahali kwanza: mchangani, sakafu ya vumbi, pipa la unga, maji ya mtaro, mwili wa kiroboto. Mnyama akiondoka na mahali pale pakabaki vilevile, ugonjwa unabaki.

Kwa hiyo kabla hujasoma dalili yako hapa chini, jibu maswali matatu. Ngozi yako au mdomo wako vimegusa nini katika wiki mbili au tatu zilizopita? Nani mwingine nyumbani ana dalili kama zako? Na kuna jambo gani limebadilika karibuni: panya wameuawa, paka amezaa darini, mchanga umemwagwa uani, mafuriko yamepita? Mara nyingi jibu la swali la tatu ndilo linalofumbua fumbo.

Mstari mwekundu unaosogea kwenye ngozi

Huanza kama kipele cha kuwasha unyayoni, kati ya vidole, matakoni au pajani. Baada ya siku chache kinatokea kimstari chekundu kilichopindapinda kama njia ya mchwa ukutani, kimeinuka kidogo, na kinawasha hasa usiku. Chora mwisho wake kwa kalamu jioni. Kesho yake ukikuta kimevuka alama ile kwa milimita kadhaa au hata sentimita moja au mbili, una jibu lako.

Hawa ni viluwiluwi, yaani minyoo michanga, vya safura ya mbwa na paka. Mnyama hujisaidia mchangani, mayai huanguliwa ndani ya siku moja au mbili, na kwenye mchanga wenye unyevu na kivuli viluwiluwi huwa tayari kutoboa ngozi baada ya wiki hivi. Vinamsubiri mbwa. Akija mtu pekupeku, vinaingia, lakini haviwezi kupenya tabaka la chini la ngozi ya binadamu, basi vinazurura humo humo mpaka vife, baada ya wiki kadhaa au hata miezi. Ndiyo maana kipimo cha choo hakionyeshi kitu: mnyoo haujafika tumboni na hautafika.

Watu wa Pwani wanaujua zaidi ugonjwa huu kwa wageni wanaolala kwenye mchanga wa ufukweni, lakini mimi naogopa zaidi lile lundo la mchanga wa kujengea. Niliwahi kuletewa mtoto mwenye mistari minne matakoni, nyumbani wamempaka dawa ya choa kwa wiki tatu nzima. Mbele ya nyumba yao kulikuwa na mchanga uliokaa muda mrefu, mchana watoto wanauchezea, usiku paka wanaufukia uchafu wao humo humo. Mtoto hakuwa na choa hata kidogo. Ngozi ilikuwa imechubuka kwa kukunwa, na kidonda kimeanza kutoa usaha.

Tofautisha na vitu vitatu. Choa ni duara, linapanuka taratibu pande zote na lina magamba pembeni. Mchirizi uliotokea ghafla asubuhi, unaochoma kuliko kuwasha, wenye malengelenge na usiosogea, ni sumu ya yule mdudu mwembamba wa rangi nyekundu na nyeusi anayefuata taa wakati wa mvua, ukampondea kwenye ngozi. Na mstari unaokwenda kasi, sentimita kadhaa kwa saa moja, kuzunguka matako na kiuno, kisha ukapotea na kurudi siku nyingine, ni mnyoo mwingine wa binadamu mwenyewe unaoweza kukaa mwilini miaka mingi. Huo wa mwisho usiupuuze, hasa kama unatumia dawa zinazoshusha kinga, maana huweza kusambaa mwili mzima.

Tiba ya safura ya mbwa ipo na ni rahisi: ivamektini dozi moja kwa kadiri ya uzito, au albendazoli miligramu 400 kila siku kwa siku tatu au zaidi. Kile kidonge kimoja cha minyoo tulichozoea kununua dukani mara nyingi hakitoshi. Mjamzito na mtoto aliye chini ya kilo 15 wasipewe ivamektini; wapelekwe kituo cha afya. Usichome mwisho wa mstari kwa barafu wala kwa moto, kwa kuwa kiluwiluwi kimeshatangulia mbele ya pale unapopaona pekundu. Utaunguza bure ngozi isiyo na ugonjwa.

Mahali: funika mchanga wa ujenzi kwa turubai kila jioni. Ufukweni, tembea pale maji ya bahari yanapopanda na kushuka, kuliko kule juu kwenye kivuli ambako mbwa hulala. Paka au mbwa mnayemlisha, hata kama si wenu, anaweza kupewa dawa ya minyoo ndani ya chakula kwa ushauri wa daktari wa mifugo.

Kidoa cheupe chenye nukta nyeusi katikati, kidoleni au kisiginoni

Huyu ni funza, ambaye kwingine huitwa tekenya. Si mgeni kwetu, ingawa asili yake si Afrika. Alifika Ambriz, Angola, mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazili, akaifuata misafara ya watu na mizigo, na kabla karne ile haijaisha alikuwa ameshavuka bara zima mpaka pwani ya Bahari ya Hindi.

Jike akiingia ni mdogo sana, kama milimita moja tu. Ndani ya ngozi anavimba mpaka kufikia ukubwa wa njegere, na ile nukta nyeusi ni sehemu yake ya nyuma aliyoiacha nje ili apumue na kutaga. Mayai huangukia sakafuni, huanguliwa kwa siku tatu au nne, na baada ya wiki tatu hivi una kizazi kipya vumbini. Yeye mwenyewe hufia mle mle ndani ya wiki nne hadi sita.

Watu husema funza ni uchafu wa mtu. Hilo linaniumiza, kwa sababu linawafanya watoto wafiche miguu shuleni na wazazi waone aibu kuja kutibiwa. Funza ni sakafu ya vumbi pamoja na mnyama anayelala juu yake. Panya, mbwa, paka na nguruwe wote humbeba. Ukimtoa funza mguuni kwa mtoto na mbwa akaendelea kulala kwenye kibaraza kilekile cha udongo, mwezi ujao utamtoa tena.

Kwa hiyo angalia hivi. Kama mtu mmoja tu ana funza mmoja au wawili, huenda amewapata safarini au kwa jirani. Kama watoto wote wanao, tafuta pale wanapokaa jioni na mnyama analala wapi. Kagua nyayo za mbwa na pua yake. Kama hakuna mbwa wala nguruwe lakini chumba kimoja kinazidi vingine, tafuta mashimo ya panya kwenye kona za chumba hicho.

Kumtoa kwa pini ya kushirikiana ni hatari kubwa kuliko funza mwenyewe. Pini ile hupitisha virusi vya homa ya ini na UKIMWI kutoka mtu hadi mtu, na kidonda kilichobaki ni mlango wa pepopunda. Mafuta ya taa, petroli na maji ya betri huunguza ngozi na kuacha vidonda. Dawa nzuri kuliko zote ninazozijua ni mafuta mepesi ya dimetikoni yanayodondoshewa pale penye nukta nyeusi: yanaingia kwenye tundu lake la kupumulia na kumuua bila kuchokoa. Yalipojaribiwa kwa watoto Kenya yalifanya kazi vizuri zaidi kuliko kulowesha miguu kwenye pamanganeti, ile dawa ya zambarau. Yasipopatikana, nenda zahanati, atolewe kwa kifaa safi na uulizie chanjo ya pepopunda.

Sakafu: nyunyiza maji kabla ya kufagia, piga deki kwa sabuni kama ni ya saruji, na kama ni ya udongo isiribe ikaze ili vumbi lipungue. Mpe mbwa mahali pengine pa kulala, mbali na pale watoto wanapokaa, kisha atibiwe viroboto.

Mlikuwa na panya, mmewaua, na sasa watu wanaumwa na kitu kisichoonekana

Hili limetupata nyumbani kwetu, ndiyo maana nitalieleza kwa kirefu. Tuliweka sumu darini. Siku ya tatu harufu ikashuka, siku ya tano mama akaanza kukuna kiuno na chini ya matiti. Vipele vidogo vyekundu, vingi mahali nguo inapobana. Tukalaumu sabuni mpya, kisha kunguni, tukaanika magodoro mara mbili. Kumbe ulikuwa utitiri wa panya. Panya uliokuwa ukimnyonya amekufa na kupoa, basi umeshuka kutafuta damu nyingine, na unaweza kudumu wiki kadhaa bila kula.

Tenganisha hivi. Kunguni huacha alama za damu kwenye shuka na vinyesi vyeusi kwenye mishono ya godoro, na ukiwasha taa usiku wa manane unaweza kumwona. Viroboto huuma vifundoni na miguuni chini ya goti. Upele wa binadamu hukaa kati ya vidole vya mikono, vifundo vya mikono na sehemu za siri, huwapata wote wanaolala pamoja, na kwa anayeupata mara ya kwanza huchukua wiki mbili hadi sita kabla ya kuwasha. Upele wa mbwa mgonjwa huwasha upesi zaidi, huonekana pale ulipomkumbatia, yaani mikononi na tumboni, na huisha wenyewe mbwa akitibiwa. Utitiri wa panya na wa ndege hauchimbi ngozi. Unauma na kuondoka, kwa hiyo kujipaka dawa ya upele mwili mzima hakusaidii kitu.

Kama hamna panya, angalia kiota: njiwa au kunguru kwenye ukingo wa paa, au juu ya kiyoyozi. Makinda yakisharuka, utitiri uliobaki kwenye kiota huingia kwa dirisha.

Tiba ya ngozi ni losheni ya kupunguza muwasho na muda. Kazi yenyewe ni nyumba, na ina mpangilio ambao ukiugeuza unajiumiza. Kwanza puliza au nyunyiza dawa ya unga ya wadudu kwenye njia na mashimo ya panya, siku hiyo hiyo watibu viroboto paka na mbwa wa nyumbani. Subiri siku mbili au tatu. Ndipo uweke mitego. Mtego nauona bora kuliko sumu, kwa kuwa panya aliyekufa kwa sumu hufia usikoweza kufika, na paka au bundi anayemla anaweza kufa naye. Mzoga uokote kwa glavu au mfuko wa plastiki, ufukie. Mkojo na kinyesi cha panya usifagie kikavu: lowesha kwa maji yenye dawa ya madoa kwanza. Mwisho ziba matundu kwa saruji na nyuzi za chuma. Tundu linalopitisha kidole gumba humpitisha panya mkubwa, na linalopitisha penseli humpitisha panya mdogo.

Huu mpangilio wa wadudu kwanza, panya baadaye, ndio hutumika pia dhidi ya tauni, ambayo iliisumbua Lushoto kuanzia 1980 kwa zaidi ya miaka 20. Tauni ni ya bakteria, si kimelea, lakini huletwa na viroboto wa panya, na kosa la kuanza na sumu ya panya ni lile lile.

Kama punje za mchele kwenye choo cha mtoto

Zikiwa mbichi zinajongea, zikikauka zinafanana kabisa na mchele. Ni vipande vya tegu wa mbwa na paka. Mtoto humpata kwa kumeza kiroboto, si kwa kumshika paka, na dawa yake ni prazikwanteli pamoja na kuua viroboto wa mnyama na mahali anapolala. Vipande vikubwa bapa kama tambi zilizokatwa ni tegu wa nyama ya ng'ombe isiyoiva. Nyuzi nyeupe za sentimita moja zikiambatana na muwasho wa haja kubwa usiku ni minyoo ya binadamu peke yake, na hapo paka hana hatia yoyote: kateni kucha, fueni mashuka, na nyumba nzima inywe dawa siku moja.

Yupo pia tegu wa panya, ambaye hupita kwa wadudu wa unga. Chekecha unga, uweke kwenye ndoo yenye mfuniko, na uji uchemke.

Mtoto anayekula udongo: homa za mara kwa mara, kikohozi cha kupiga miluzi, tumbo upande wa kulia limejaa

Wengi hawa hutibiwa pumu au nimonia mara nyingi kabla mtu hajauliza kuhusu udongo. Chango wa mbwa na wa paka hutaga mayai yanayotoka na kinyesi, lakini mayai hayo hayaambukizi siku hiyo. Yanahitaji wiki mbili hadi nne kukomaa ardhini, kisha hudumu miaka. Kwa hiyo kinyesi kipya unachokiona na kukichukia hakina hatari hiyo. Hatari iko kwenye udongo wa kona ambayo mbwa walijisaidia mwezi uliopita na mvua ikapafanya paonekane safi. Watoto wa mbwa ndio wanaomwaga mayai mengi zaidi, kwa sababu huambukizwa tangu tumboni mwa mama yao.

Kwa mtu mnyoo haukomai, viluwiluwi huzunguka kwenye ini, mapafu na wakati mwingine jicho. Omba kipimo cha damu cha kuhesabu aina za seli nyeupe. Zile ziitwazo eosinofili zikiwa juu sana, mwambie daktari waziwazi kwamba mtoto hula udongo na kuna mbwa au paka mtaani. Na kama jicho moja limeanza kwenda upande, au picha ya simu inaonyesha mboni moja nyeupe, usisubiri kliniki ya wiki ijayo. Nenda kwa daktari wa macho leo, kwani zipo pia saratani za jicho la mtoto zenye dalili hiyo hiyo.

Mjamzito ameambiwa amtupe paka

Asimtupe. Toksoplasma, kimelea kidogo kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, humtoka paka kwa kawaida mara moja maishani, wiki moja hadi tatu, mara nyingi akiwa mdogo na ameanza kuwinda panya na ndege. Kinachotoka huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Mtu mwingine asafishe kila siku mahali paka anapojisaidia. Mjamzito avae glavu akilima bustani, aoshe vizuri mboga za kachumbari, na asile mishkaki yenye wekundu ndani. Watu wengi huipata kwa nyama isiyoiva kuliko kwa paka wao. Kipimo ni cha damu, cha kuangalia kingamwili.

Anayeishi na VVU na kinga yake imeshuka sana, akipata kichwa kikali, kuchanganyikiwa, degedege au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, ni dharura ya siku hiyo hiyo. Vidonge vya kotrimoksazoli anavyopewa kliniki vinamkinga na hili pia, asiviache kwa kuona amepona.

Homa baada ya mafuriko, au baada ya kuzibua mtaro

Anza na malaria. Ni kimelea, lakini hakina uhusiano na panya wala paka, na kipimo chake cha haraka kipo karibu kila zahanati. Kikiwa hasi, usinywe dawa ya malaria kwa mazoea. Fikiria mkojo wa panya. Mwezi Julai 2022 watu wa Ruangwa, mkoani Lindi, waliugua na wengine kufa kwa ugonjwa ambao Wizara ya Afya ilithibitisha kuwa ni leptospirosi, ukaitwa homa ya mgunda. Huu nao ni wa bakteria, ila hutoka kwa wanyama hawa hawa na hupita kwenye maji na matope, ukaingia kwa mchubuko wa mguu. Dalili zinazoutofautisha ni misuli ya nyuma ya miguu inayouma hata kuguswa, macho mekundu yasiyo na tongotongo, na baadaye manjano machoni au mkojo kupungua.

Ukifika kwa daktari usiseme tu "nina homa." Sema: nilizibua mtaro siku kumi zilizopita bila buti, nilikuwa na mchubuko mguuni, panya wamejaa pale, malaria imepimwa haipo, na tangu jana mkojo umekuwa kidogo. Kama umeng'atwa na mnyama yeyote, hata mkwaruzo, litaje hilo kabla ya yote, na kabla hujatoka nyumbani osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kwa ajili ya kichaa cha mbwa.